Uchovu wa chuma: kwa nini fremu ya gari hukatikia penye mshono

Fremu ya gari ikikatika, usikimbilie kuichomelea. Itazame kwanza pale ilipoachana. Mara nyingi utakuta sehemu mbili zisizofanana. Moja ni laini, imeshika kutu, na ukiimulika kwa tochi kutoka pembeni utaona mistari iliyopinda na kufuatana kama ya gamba la chaza. Nyingine inakwaruza kidole, ina chembechembe safi zinazometa. Ile yenye kutu ilianza kupasuka zamani, na inayometa ndiyo iliyokatika leo. Dereva akisema imekatika ghafla hasemi uongo, ila kilichokatika ghafla ni kile kipande cha mwisho tu, kilichokuwa kimeachiwa mzigo wote.

Hali hiyo ndiyo uchovu wa chuma: chuma kupasuka kidogo kidogo kwa sababu ya kukazwa na kulegezwa mara nyingi mno, hata kama mzigo haujawahi kufikia kiasi cha kukipinda. Neno lenyewe linaweza kupotosha. Kiumbe aliyechoka hupumzika akapata nguvu, chuma hakipumziki. Gari lilale mwezi mzima, ufa utaukuta palepale ulipouacha.

Jambo hili lilifahamika sana kupitia reli. Mwaka 1842 ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, alipima ekseli kwa mashine zilizozipinda mara nyingi mfululizo. Akaonyesha kwamba chuma huweza kukatika kwa mkazo (nguvu inayogawanywa kwa eneo la chuma kinachoibeba) mdogo kuliko ule kinaoustahimili kikibebeshwa mara moja, na kwamba tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini ndiyo yenye uzito zaidi.

Sasa kwa nini penye mshono, yaani pale vyuma vilipochomelewa pamoja? Sogea karibu uangalie ukingo wake, pale chuma kilichoyeyuka kinapokutana na bamba. Umbo linabadilika kwa ghafla, na mkazo hujikusanya hapo. Mara nyingi ukingoni kuna kijifereji chembamba kilicholiwa na moto, au punje ya takataka iliyonaswa ndani. Tena mshono ukipoa hunywea, ukalivuta bamba lililo jirani, kwa hiyo chuma cha hapo kimekazwa hata kabla gari halijaondoka karakana.

Ndiyo maana kununua chuma kigumu zaidi hakusaidii kama watu wanavyotarajia. Mshono tayari una kasoro ndogo inayofanya kazi ya ufa, na muda unaobaki ni wa ufa huo kukua. Chuma kigumu na cha kawaida hapo hawapishani sana. Kinachosaidia ni kupunguza mkazo. Kwa mishono, kanuni inayotumika sana ni hii: mkazo unaopanda na kushuka ukiongezeka mara 2, maisha ya mshono hupungua karibu mara 8.

Kutu huingia hapo kama mshirika. Boriti ya fremu iliyo kama sanduku huhifadhi maji na tope ndani, na upande wa nyuma wa mshono mara nyingi haukupakwa rangi kabisa. Kama bamba lilikuwa limepakwa zinki ya kuzuia kutu, moto wa kuchomelea umeiunguza. Kutu huchimba vishimo, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa. Pia hulipunguza bamba: la milimita 4 likibaki 3, mkazo wa kuvuta huongezeka kwa theluthi moja, na kwa kanuni ile ile maisha hushuka chini ya nusu. Tena chuma kikavu kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake hakichoki. Kikiwa ndani ya maji ya chumvi, kiwango hicho hakipo tena.

Kupitisha mshono mpya juu ya ufa ni kuuficha tu, maana mzizi wake umebaki chini. Tafuta ncha yake kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha, saga ufa wote mpaka uishe, ndipo uchomelee na kulainisha ukingo. Mimi huogopa zaidi kiraka kinene cha mraba kilichochomelewa kukingama upande wa juu au wa chini wa boriti, kwa kuwa hapo ndipo panapobeba mkazo mkubwa kuliko pote, na ufa mpya huchipuka mwisho wa kiraka.

Ukiosha gari, chungulia chini utafute mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka ukingoni mwa mshono, juu ya rangi ambayo bado ni nzima. Chini ya mstari huo huenda kuna ufa unaofunguka na kufunga gari linapotembea, ukivuta maji ndani na kuyatema yakiwa mekundu.