Wanawake kuongoza okestra sio fasheni ya juzi

Kuna hii stori ya siku nyingi kwamba mwanamke kusimama mbele ya okestra (lile kundi kubwa la wapiga ala) na kuliongoza ni mambo ya juzi tu, na eti kazi yenyewe inataka misuli. Hapana jamani.

Antonia Brico aliiongoza okestra ya Berlin Philharmonic mwaka 1930. Nadia Boulanger akasimama mbele ya okestra ya Boston 1938. Sarah Caldwell alikuwa na kampuni yake ya opera (ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa) hukohuko Boston miaka mingi kabla Metropolitan Opera ya New York hawajamwita kuongoza opera ya La Traviata, 1976, na hapo ndo ikawa mara ya kwanza kwa mwanamke pale. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo kitambo, mlango ndo ulikuwa umefungwa.

Haya, na hiyo misuli? Kile kijiti anachoshika anayeongoza ni chepesi kama penseli. Ngumu ni opera yenyewe, maana kondakta (sio wa basi lakini) yuko chini kwenye shimo lililo mbele ya jukwaa na wapigaji, muimbaji yuko juu jukwaani anavuta noti kwa muda mrefu kidogo kuliko mazoezini, sasa wewe unatakiwa uione ile pumzi anayovuta kabla hajafungua mdomo, uwashikilie wapigaji sitini huko hadi atue, halafu mnashuka wote pamoja. Hapo bega nene litakusaidia nini? Ni masikio, macho, na kuijua ile partitura (kitabu chenye noti za wote) kurasa kwa kurasa.