Je, wajua kwa nini bitana laini huweza kuikwaruza bastola?

Tia kidole ndani ya ala ya bastola yenye bitana ya swedi, utadhani umegusa mahameli. (Naita ala ule mfuko wa ngozi wa kuvalia bastola kiunoni, kama tusemavyo ala ya kisu au ya upanga.) Dukani husifiwa kwa ulaini huo. Lakini huko Marekani, ambako ufundi huu una mizizi tangu enzi za wachunga ng'ombe wa karne ya 19, wapo mafundi wengi wasiotaka hata kuisikia swedi.

Swedi ni ngozi iliyosuguliwa mpaka nyuzinyuzi zake zikasimama. Nyuzi hizo ndizo ulaini wenyewe, na ndizo mtego. Vumbi likiingia halitoki. Mchanga mwingi ni kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo kila bastola inapochomolewa na kurudishwa inapita juu ya msasa. Ile rangi nyeusi yenye wekundu au ubuluu kwenye mtutu haikupakwa. Ni utando mwembamba wa oksidi ya chuma, na huanza kukwanguka kwenye ncha. Ongeza jasho la kiuno, ambalo swedi hulinyonya na kukaa nalo.

Ajabu ni kwamba watu wa kale walitumia manyoya na wakafaulu. Waanglo-Saksoni wa Uingereza walitia ala za panga zao bitana ya ngozi ya kondoo, sufu ikielekea kwenye chuma. Siri ilikuwa mafuta ya asili ya sufu, yanayozuia kutu. Swedi haina mafuta hayo.

Basi fundi achague nini? Ngozi nyembamba yenye uso mtelezi, ya ndama au ya nguruwe, unene wa milimita 1 hadi 1.5, iliyodabaghiwa, yaani iliyotengenezwa isioze, kwa magome ya miti. Magome ya miwati, kama ile inayolimwa Njombe, ni maarufu kwa kazi hii. Ngozi iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromi ni laini na rahisi kupatikana, ila mabaki ya chumvi na asidi yake yanaweza kuamsha kutu. Hata ile ya magome si malaika: risasi zikiachwa muda mrefu kwenye mkanda wa ngozi, shaba yake huota ukoko wa kijani. Kwa hiyo ala ni ya kuvalia. Si ya kulazia silaha.

Kuibandika ndipo wanaoanza wanapoumbuka. Wanatandaza ngozi mbili mezani, wanapaka gundi, wanabandika vizuri kabisa, kisha wanakunja. Papo hapo bitana inajaa makunyanzi. Sababu ni hesabu tu: kwenye mkunjo, ngozi ya ndani ina njia fupi kuliko ya nje. Ngozi ya nje ikiwa milimita 3 na bitana milimita 1.5, kwenye mkunjo wa nusu duara bitana inabaki na ziada ya karibu milimita 7. Ziada hiyo haina pa kwenda ila kujikunja, tena palepale bastola inapopita.

Dawa yake ni kubandika nusu moja ikiwa bapa, halafu kuikunja ngozi ya nje kwa umbo lake la mwisho, na kuishusha bitana kidogo kidogo kupitia mkunjo huo. Pande za nyama, yaani zile zilizogusana na mwili wa mnyama, zikutane, nyuso laini zitazame nje na ndani. Gundi ni ile ya mafundi viatu: unapaka pande zote mbili, unangoja isinate tena kidoleni, ndipo unakutanisha. Ikishika imeshika, hakuna kusogeza. Ndiyo maana bitana hukatwa kubwa kuliko inavyohitajika, sentimita moja hivi kila upande, na ziada ikapunguzwa baadaye kwa kisu kikali.

Vifungo vya kubonyeza na ribiti hutangulia kabla ya bitana, ili migongo yake ya chuma ifunikwe. Mdomo wa ala nao ushonwe kabla ya kufunga ubavu, maana ukishafunga sindano haifiki tena.

Nafasi hiyo iliyofichika kati ya ngozi mbili iliwahi kumpa mtu jina. Katika miaka ya 1950 Arvo Ojala, aliyewafundisha waigizaji wa Hollywood kuchomoa bastola kwa kasi, alitia bamba la chuma humo katikati, ala isibane na silinda ya bastola, yaani kile kipande cha duara kinachobeba risasi, iweze kuzunguka ikiwa bado ndani.

Mwisho ala hulowanishwa na kukandwa juu ya bastola ya plastiki yenye umbo lilelile, kisha huachwa ikauke polepole kivulini. Gundi inayoachia kwa maji itajulikana hapo.