Programu ile ile, masharti tofauti: serikali zinavyodhibiti akili mnemba

Chukua programu moja ya akili mnemba, ile inayosoma maandishi na kuyajibu. Asubuhi karani anaitumia kunyoosha barua aliyoiandika harakaharaka. Mchana, chumba cha pili, afisa rasilimali watu anaipakia wasifu wa waombaji kazi 400 na kuiagiza imchujie 20. Mashine ni moja, hata akaunti huenda ni moja. Lakini kwa Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, karani hana deni na mtu, ilhali afisa yule ameingia katika kundi la hatari kubwa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wakisikia serikali inadhibiti akili mnemba, hudhani kuna mtu anataka kuifungia mashine. Sehemu kubwa ya udhibiti huu inaangalia kazi ambayo mashine imepewa. Kuchuja waombaji kazi, kupima nani akopeshwe, kusahihisha mitihani, kuamua nani anastahili posho: hizi ni kazi zinazoweza kumharibia mtu maisha asijue hata aliyemharibia ni nani. Uholanzi walijifunza kwa gharama. Mamlaka yao ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kubashiri nani huenda anadanganya kwenye posho za malezi ya watoto, na uraia wa mzazi ukawa mojawapo ya vipimo. Maelfu ya familia zilidaiwa kurudisha fedha, nyingine makumi ya maelfu ya euro. Januari 2021 serikali nzima ilijiuzulu kwa kashfa hiyo.

Kwa hiyo Ulaya imepanga matumizi kwa ngazi. Juu kabisa kuna yaliyopigwa marufuku tangu 2 Februari 2025, kama kusoma hisia za wafanyakazi wakiwa kazini. Chini kabisa kuna michezo ya kompyuta na programu za kuchuja barua pepe taka, ambazo hazisumbuliwi. Shughuli iko katikati.

Tuseme una kampuni ya watu sita inayouza programu ya kuchuja waombaji kazi. Kabla ya kuiingiza sokoni, sheria inakutaka uandae faili la kiufundi: data uliyoifunzia ilitoka wapi, ni watu gani hawamo ndani yake, programu hukosea kiasi gani na humkosea nani zaidi. Programu yenyewe itunze kumbukumbu za ilichofanya, ili mtu akiuliza mwaka ujao kwa nini jina lake lilidondoka, pawepo pa kuanzia kutafuta. Na lazima awepo mwanadamu mwenye uwezo wa kuikatalia mashine. Sharti hili la mwisho husomeka jepesi, na kwangu mimi ndilo gumu kuliko yote. Mtu akishaona mashine imepatia mara 300, mara ya 301 habishani nayo, anabonyeza tu. Waandishi wa sheria walilijua hilo, ndiyo maana wametaja waziwazi hatari ya kuiamini mashine kupita kiasi.

Lakini kampuni yako ya watu sita haikujenga modeli, yaani ule ubongo wa programu uliofunzwa kwa data. Ililipia huduma ya kampuni kubwa na kujenga juu yake. Nani basi mwenye mzigo? Ukichukua modeli ya matumizi ya jumla ukaigeuza kuwa kifaa cha kuchuja waombaji kazi, wewe ndiwe unayehesabiwa kuwa mtoa mfumo, yaani mwenye kuuingiza sokoni, pamoja na majukumu yake yote. Tangu hapo mkataba wako na kampuni kubwa unakuwa karatasi muhimu kuliko programu yenyewe: watakupa taarifa za modeli yao kiasi gani, na wakiibadilisha usiku watakuambia?

Faini zimepangwa kwa kumjali mdogo kidogo. Kwa matumizi yaliyopigwa marufuku, kiwango cha juu ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya mwaka duniani kote. Kampuni kubwa huhesabiwa kile kilicho kikubwa zaidi, kampuni ndogo kile kilicho kidogo. Mwenye mauzo ya euro bilioni 10 anaweza kutozwa hadi milioni 700. Mwenye mauzo ya milioni 2 hawezi kuvuka 140,000.

Faili la kiufundi, hata hivyo, halina punguzo kubwa kama hilo, ingawa sheria inawaruhusu wadogo kuliandaa kwa njia rahisi zaidi. Kurasa zake hazipungui sana kwa sababu mna dawati tatu tu, na kampuni zenye idara nzima ya wanasheria hulimeza bila kutapika. Ndiyo hofu ya wanaosema udhibiti huwazidishia wakubwa nguvu, na siioni kuwa hofu ya bure. Ila kuna upande mwingine: hospitali na benki hazinunui mfumo usio na maelezo, kwa hiyo mdogo mwenye faili zuri hufunguliwa mlango ambao mwenzake hufungiwa.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni tarehe zinazohama. Masharti mengi ya hatari kubwa yalipangiwa 2 Agosti 2026, viwango vya kiufundi vya kuyafafanua vikachelewa, na Novemba 2025 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, ikapendekeza yaahirishwe. Marekani nako, agizo la Rais Joe Biden la Oktoba 2023 kuhusu akili mnemba lilifutwa na Donald Trump Januari 2025. Aliyewekeza mapema katika kutii hujikuta amewahi harusi ambayo haijapangiwa siku.

Na sheria ikishaanza, maneno yake machache huamua kila kitu. Jiji la New York, tangu Julai 2023, linawataka waajiri wanaochuja watu kwa programu wafanye ukaguzi huru wa upendeleo kila mwaka na kutangaza matokeo. Sharti linamhusu yule tu ambaye programu yake inasaidia uamuzi wa mwanadamu kwa kiasi kikubwa au inachukua nafasi yake, na anayepima kiasi hicho ni mwajiri mwenyewe. Watafiti walipopekua tovuti za waajiri 391, walikuta ripoti za ukaguzi kwa 18 tu. Waliobaki huenda hawatumii programu kabisa, au walikaa wakaamua kwamba hawahusiki, na anayetazama kutoka nje hana namna ya kuwatenganisha.