Bwawa la topesumu na hadithi ya "bado kuna nafasi"

Masika ikikaribia, waulize wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu kama bwawa lao la topesumu, yaani tope lenye kemikali linalobaki baada ya kuchenjua, litafurika; hutoa jibu lilelile: maji yako mita moja chini ya ukingo, kwa hiyo bwawa haliwezi kufurika. Hii ndiyo dhana inayochosha kuliko zote, maana hesabu yake haihitaji hata kikokotoo.

Chukua bwawa la mita 100 kwa 60. Mvua ya milimita 100 usiku mmoja inaliongezea sentimita 10. Wengi huishia hapo. Lakini kama hekta 2 za mteremko zinamwaga nusu ya maji yake bwawani, hizo ni mita za ujazo 1,000, yaani sentimita 17 nyingine. Pampu ya kurudisha maji kiwandani ikiungua na kukaa siku mbili bila kufanya kazi, huku mtambo ukileta mita za ujazo 30 kwa saa: sentimita 24. Jumla 51. Na ile mita moja ilipimwa wapi? Kwenye ubao wa vipimo, siyo pale malori yanapopandia, ambapo tuta limedidimia sentimita 30. Zimebaki 19, na mawimbi ya upepo bado hayajahesabiwa. Maji yakishapita juu ya tuta la udongo, yanachimba mfereji unaozidi kupanuka hadi ukuta ukatike.

Merriespruit, Afrika Kusini, tarehe 22 Februari 1994, mvua ya takriban milimita 50 tu ilitosha kuvunja bwawa la topesumu. Bwawa hilo lilikuwa tayari linatumika kuhifadhia maji ya kiwanda. Watu 17 walikufa.

Kwa hiyo pima kuanzia sehemu ya chini kabisa ya ukingo, kila asubuhi na kila baada ya mvua. Sentimita 60, kiwango kilichomo katika kanuni za Marekani, kiwe kile kinachobaki baada ya hesabu yote hapo juu, siyo kabla. Chora mstari mwekundu. Maji yakiufikia, kinu kinazimwa, hata bosi akinuna. Zibua mtaro wa kukinga maji ya mlimani kabla ya mvua, na pampu ya akiba ya dizeli iwashwe kila wiki. Kuitazama tu si kuijaribu.

Visingizio vyao vingine navyo ni hivi. "Jua litakausha." Kanda ya Ziwa, jua huondoa milimita 4 hadi 5 kwa siku. Sentimita 51 zinataka zaidi ya siku mia moja bila tone.

"Tutapandisha udongo juu." Udongo uliomwagwa kwa haraka haushikani na tuta la zamani. Unapaswa kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15 hadi 20, na plastiki ya HDPE, ile ngumu inayotandikwa bwawani kuzuia maji yasipenye, inapandishwa na kufukiwa upya kwenye mtaro wake. Hiyo ni kazi ya kiangazi.

"Mvua inapunguza makali ya sayanaidi," ile sumu ya kuchenjulia dhahabu. Inashusha pia pH, kipimo cha uasidi wa maji, na chini ya 9.2 sehemu kubwa ya sayanaidi huru inageuka gesi inayoua wafanyakazi. Mtoni, hata chini ya miligramu 0.1 kwa lita huua baadhi ya samaki.

"Tuna njia ya dharura ya kutolea maji." Inaokoa ukuta, siyo mto. Iishie kwenye bwawa la pili lenye plastiki, na hilo libaki tupu. Lisigeuzwe tangi la maji ya kiwanda.