Ruu Nyeusi Haifanyi Gumbo Iwe Nzito

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wateja wangu hapa Houston kuhusu gumbo, ule mchuzi wa Louisiana unaoanza na ruu, yaani unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, ni hili: "Dada, ruu nimeikaanga mpaka imekuwa nyeusi kama ulivyosema, mbona gumbo yangu ni majimaji?" Kabla sijajibu, la pili linafuata: "Nikoroge unga kidogo na maji niongezee?" Hapana. Usiongeze unga. Nimeshalijibu kwenye simu, kwa ujumbe wa sauti, hata nikiwa nimesimama juu ya sufuria ya mtu jikoni kwake. Acha niliandike lote hapa.

Watu wanaamini kazi ya ruu ni kuupa mchuzi uzito, na kwamba kadiri inavyokolea rangi ndivyo gumbo inavyozidi kuwa nzito. Ukweli ni kinyume chake. Kinachoufanya mchuzi ushike ni wanga ulio ndani ya unga wa ngano. Chembe za wanga zikikutana na maji ya moto hunywa, huvimba, na mchuzi unakuwa mzito. Lakini unga ukikaangwa muda mrefu ndani ya mafuta, joto linapanda mbali kupita lile la maji yanayochemka, na wanga unakatikakatika kuwa vipande vifupi visivyoweza kushika maji kama mwanzo. Ndiyo maana ruu nyeupe, ya dakika mbili tatu, inashika sana na haina ladha ya maana, na ile ya rangi ya chokoleti imejaa ladha lakini uwezo wake wa kushika umebaki kidogo.

Huhitaji kuniamini mimi, itazame ruu yenyewe. Mwanzoni mwiko unasukuma uji mzito unaonuka unga mbichi. Baada ya muda harufu inageuka kuwa ya karanga zinazokaangwa. Ikifika rangi ya shaba, mwiko unaanza kuteleza bila kazi, na ile iliyokuwa uji sasa inatiririka na kung'aa. Imekuwa nyepesi mbele ya macho yako, kabla hata hujaweka supu. Sasa mtu anategemeaje kitu hicho kikaupe mchuzi uzito?

Najua tunakolitoa jambo hili. Sisi tumekulia kwenye rojo. Mchuzi ukikosa nyanya iliyoiva vizuri na tui zito, mama anauliza kama umepikiwa mgonjwa. Lakini gumbo ya kuku na soseji ya moshi inayopikwa na Wakajuni, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, wa miji ya Mamou na Eunice, kwenye mbuga za mpunga za kusini magharibi mwa Louisiana, rangi yake ni nzito na mchuzi wake ni mwepesi, unakaribia supu. Ukiimwagia juu ya wali, inapenya mpaka chini ya bakuli. Ikitoka hivyo, hujakosea. Ukiitia unga wa kukoroga dakika za mwisho, unaiharibu mara tatu: rangi inafifia, ladha ya unga mbichi inatawala, na chini ya sufuria panashika.

Ukitaka iwe nzito zaidi, amua mapema. Kipimo changu ni kikombe kimoja cha mafuta na kikombe kimoja cha unga kwa lita mbili za supu ya kuku. Unaweza kuiepua ruu ikiwa rangi ya siagi ya karanga, au uongeze ruu tangu mwanzo, au uache sufuria wazi ichemke taratibu mpaka maji yapungue. Njia hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda mimi, kwa sababu haipunguzi ladha hata kidogo.

Na ruu yenyewe tafadhali ipe muda. Moto uwe wa chini kuliko wastani, sufuria iwe nzito, mwiko uwe wa ubapa ufike kwenye kona. Tenga dakika 45 mpaka saa nzima. Tumia mafuta ya mahindi au alizeti. Siagi ina chembe za maziwa zinazoungua mapema sana, kwa hiyo iache kwa ruu nyeupe. Katakata vitunguu, seleri na pilipili hoho kabla hujawasha jiko, maana ruu ikishafika haikungoji. Vitunguu vikiingia vinachachatika, mvuke unapanda, na maji yake yanaipoza ruu. Lakini kwa dakika ile ya kwanza rangi inaruka hatua moja mbele. Kwa hiyo vitie rangi ikiwa bado kidogo kufika unapotaka. Ukiona madoa meusi, imeungua. Imwage. Hakuna sukari wala chumvi itakayoondoa uchungu huo, na watu wanaonishawishi niwaambie vinginevyo wanapoteza kuku mzima kwa kuogopa kupoteza unga wa kikombe kimoja. Watoto wasisogee jikoni wakati huo: ruu ikikurukia inanata kwenye ngozi na kuendelea kuchoma.

Wasiotaka kusimama saa nzima, watumie oveni. Nyuzi 175 za Selsiasi, sufuria ya chuma bila mfuniko, koroga kila baada ya dakika ishirini, saa moja na nusu au zaidi kidogo. Wapo wanaosema hiyo si ruu ya kweli. Ni ya kweli. Unga hautambui joto limetoka juu au chini. Tena huko Louisiana kwenyewe maduka yanauza ruu ya kwenye chupa, na bibi wa Kikajuni anainunua bila aibu.

La pili linalonichosha ni bamia. Mtu wa Tanzania akiona bamia anakumbuka mlenda, na mkono unakwenda kwenye magadi. Usitie magadi kwenye gumbo! Magadi yanauzidisha utelezi, na kwenye mlenda ndiyo tunachotaka. Hapa tunataka upungue. Kata bamia vipande vya duara, kaanga kwenye kikaango kipana na mafuta kidogo, tia kijiko cha siki, geuza mpaka nyuzi zile zikatike zote, ndipo uziingize kwenye sufuria. Na anayesema bila bamia si gumbo, basi afute gumbo nyingi tu za kuku za huko kwa Wakajuni, ambazo hazina bamia kabisa.

Badala yake wengi wanatumia file, unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, ambao Wachokto, wenyeji wa asili wa huko, waliutumia kabla Wazungu hawajafika. Wateja wawili wa aina tofauti hunijia kuhusu file. Wa kwanza anaichemsha pamoja na kuku, kisha analalamika mchuzi umekuwa nyuzinyuzi. File inatiwa sufuria ikishaepuliwa, au mezani kwenye bakuli la mtu. Wa pili amesikia sasafrasi husababisha saratani. Kilichopigwa marufuku Marekani mwaka 1960 kwenye vyakula ni safroli, kemikali iliyomo kwenye mti huo, na mafuta ya sasafrasi yenye safroli, yanayotoka kwenye mizizi. Majani karibu hayana kitu hicho, na file inauzwa dukani waziwazi.

Nyanya? Gumbo za Kikrioli, yaani za Wakrioli, watu wa mjini New Orleans wenye asili mchanganyiko, mara nyingi zina nyanya. Za Kikajuni kwa kawaida hazina. Pika unayotaka, ila usiitie kopo la nyanya ukaniambia umefuata Wakajuni.

Wengine wanaogopa kwamba Kikajuni maana yake ni pilipili kali mpaka machozi. Si kweli. Gumbo inapaswa kuchangamsha ulimi, na ukali wa ziada unakaa mezani kwenye chupa, kila mtu ajihudumie.

Ndugu zangu Waislamu wanaulizia nguruwe, kwa sababu andouille, soseji ya moshi ya kule, ni ya nguruwe. Tumia soseji ya ng'ombe ya moshi au shingo za bata mzinga zilizokaushwa kwa moshi. Kinachohitajika ni moshi. Kuna gumbo za bata, za kanga, za kaa na kamba, na hakuna Mkajuni atakayekuambia hizo si gumbo.

Kuna hili pia la kuiita gumbo chakula cha Wafaransa. Wakajuni ni wajukuu wa Waakadia, walowezi wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia, Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755, na walianza kufika Louisiana miaka ya 1760. Walikuta huko bamia iliyovuka bahari kwa njia ya biashara ya watumwa, wapishi wa Kiafrika walioijua, na file ya Wachokto. Ruu peke yake ndiyo ina asili ya Ufaransa, na jikoni za Ufaransa haikaangwi ikafika rangi ya chokoleti. Wafaransa wasipewe sufuria nzima.

Mwisho ni suala la kuilaza. Ni kweli gumbo ya kuku ya kesho yake ni tamu zaidi. Ila kuilaza juu ya jiko usiku kucha "ili ikolee" ni kutafuta maradhi. Sufuria kubwa hupoa polepole sana katikati, na vijidudu vya nyama vinazaliana katika uvuguvugu huo. Igawe kwenye vyombo vya kina kifupi, iwe ndani ya friji kabla saa mbili hazijapita, na wali uhifadhi kando. Kesho ondoa mafuta yaliyoganda juu, ichemshe mpaka itokote vizuri, na kama una kamba wabichi, watie hapo mwishoni kwa dakika tatu, uzime moto.