Je, wajua kwa nini kuhamisha kipimajoto mita chache tu kunaweza kuyumbisha rekodi ya miaka mingi?

Ile boksi nyeupe yenye vibao kama dirisha la luva unayoiona kwenye kituo cha hali ya hewa sio urembo. Kipimajoto kinatakiwa kipime joto la hewa, sio jua linalokipiga, ndo maana kinakaa kivulini, mita 1.25 mpaka 2 kutoka chini, juu ya majani mafupi, mbali na ukuta na lami, na kwa sisi wa kusini mwa ikweta mlango wake unaangalia kusini ili ukifunguliwa jua lisiingie.

Sasa ipeleke pembeni ya paking. Lami inameza jua kutwa nzima halafu usiku inalitoa taratibu, kwa hiyo kipimo cha usiku ndo kinaharibika zaidi.

Mwaka 2007 huko Marekani, Anthony Watts, mtangazaji wa zamani wa hali ya hewa, alianza kukusanya watu wa kujitolea wapige picha vituo vyao. Wakakuta vingine vimebanana na viyoyozi, vingine vimezungukwa na zege. Swali likaja lenyewe: kumbe dunia haipati joto, ni paking tu?

Subiri kwanza. Ukimpima mtoto urefu kila mwaka akiwa na viatu vilevile, namba itakuwa ya uongo ila alivyokua utajua. Balaa ni siku umembadilishia viatu. Miaka ya 1980 Wamarekani walitoa vipimajoto vingi vya kioo wakaweka vya umeme, na kwa sababu ya waya vingi vikasogezwa karibu na majengo. Ungedhani rekodi itapanda, wapi, vile vipya vilisoma joto la mchana chini kidogo kuliko vya zamani! Utafiti wa 2011, na Watts mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi, ukakuta vituo vibaya vinakuza ongezeko la usiku na kupunguza la mchana, mpaka wastani wake ukakaribiana sana na wa vituo vizuri.

Wataalamu huwa wanalinganisha majirani: kituo kimoja kikiruka ghafla nusu digrii na wenzake wametulia, basi kuna kitu kimeguswa pale, wanarekebisha. Tena Marekani ilijenga vituo vipya 114 mbali na miji, kila kimoja na vipimajoto vitatu ili kimoja kikidanganya viwili vikiumbue. Mwenendo wa joto kwenye vituo hivyo unafanana na ule wa vituo vya zamani vilivyorekebishwa.