Barua Iliyomo Ndani ya Lori la Upande wa Pili

Nikipanda basi Segera kuja Tanga, hupenda kukaa mbele niwatazame madereva wanavyopigiana taa. Anayekuja akiwasha mara mbili, wetu anapunguza mwendo: mbele kuna jambo. Kazi yangu ya kukadiria muda wa safari kwa redio za magari, yaani vifaa vya magari kupashana habari yenyewe kwa yenyewe, inafanana sana na hiyo, ila taa haiwezi kusema "dakika 40". Naijali mno, maana barabara hiyohiyo ndiyo inayopita magari ya wagonjwa wanaoletwa hospitali ya Bombo.

Gari lenye redio hii hutangaza mahali lilipo, mwendo na uelekeo wake, kwa kawaida mara 10 kila sekunde, katika masafa ya gigahezi 5.9. Halihitaji mnara wa simu. Tuseme linasikika mita 300. Basi na lori yakipishana, kila moja likienda kilometa 80 kwa saa, yatasikilizana sekunde 13 hivi tu. Zinatosha, kwa kuwa taarifa yenyewe ni fupi: kipande gani cha barabara, kimechukua dakika ngapi, gari lilikimaliza saa ngapi.

Wanafunzi wangu hudhani tunachukua dakika za lori lile linalokuja. Lakini lori hilo halikupita upande wetu! Linaloteremka tupu halijui taabu ya linalopanda na shehena, na foleni ya kuingia mjini haimgusi anayetoka. Dakika tunazozitaka ni za basi lililotutangulia. Basi hilo lilipofika karibu na Muheza lilipishana na lori, likalikabidhi taarifa zake. Lori likazihifadhi, likatuletea sisi tulio Hale. Lori ni tarishi tu. Kwa hiyo hata magari yenye redio yakiwa machache, na kati yake pana kilometa kadhaa za ukimya, barua haipotei: imo ndani ya lori, inasafiri kwa magurudumu mpaka ipate wa kuisoma.

Ila barua huzeeka njiani. Habari ya Pongwe ikinikuta Segera ina umri wa karibu saa nzima. Basi vipande vya karibu navipa uzito mkubwa, vya mbali navichanganya na hali iliyozoeleka ya saa ile na siku ile, na kila tarishi mpya akipita narekebisha.

Kisha kuna machungwa ya Muheza. Basi likisimama abiria wanunue, redioni linaonekana limekwama. Magari matano yakileta dakika 9, 9, 10, 11 na 24, wastani ni 12.6, na huo umevutwa na machungwa. Mimi nazipanga kwa ukubwa, nachukua ya katikati: 10. Siku ambayo magari mengi yamekwama kweli, hiyo ya katikati nayo hupanda.